Mwaka wa Tuktuk Isiyonguruma

Habari za kufa kwa Bi Mkubwa nilizipata kwa abiria. Mama mmoja niliyempakia sokoni alikuwa akizungumza na mwenzake kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Na yule bibi wa nyumba ya Rashidi naye katangulia, Mungu amrehemu," nami nikasimamisha tuktuk kando ya barabara kama mtu aliyepotea njia. Niliwafikisha walikokuwa wakienda, kisha nikaenda msibani. Nilikaa mwisho wa jamvi pamoja na wanaume nisiowajua, nikapewa kikombe cha kahawa. Mzee aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kwa upole mimi ni nani kwa marehemu. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyotaka. Mimi si jamaa yake. Si jirani. Hata dini yetu si moja. Mwishowe nikamwambia, "Nilikuwa nikichaji hapa." Mzee alinitazama, akaona si mahali pa kuuliza zaidi, akarudi kwenye tasbihi yake.

Jibu lile nililichukua nikarudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika haya kidogo kidogo, jioni, nikishamaliza kazi. Siku hizi ukisema umekwenda kuchaji hakuna anayegeuza shingo. Tuktuk za umeme ni nyingi Malindi, pikipiki za umeme ndizo nyingi zaidi, na vijana wanaoziendesha hawajui kwamba kuna wakati jambo hilo lilikuwa la kushangaza. Mwaka ninaousema mimi sikuwahi kuona nyingine ila hiyo moja, nayo ilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, na nilikuwa mtu wa haya kiasi kwamba dukani nilingoja wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka, na mara nyingine nilingoja hadi muuzaji akafunga.

Mwenye tuktuk alikuwa Bwana Rashidi, mtu mpole aliyefanya kazi Uarabuni miaka mingi na kurudi na kifua kibovu. Alisema ameshavuta moshi wa magari wa kumtosha maisha yake yote, na kwamba pesa zake hatazitia kwenye chombo kinachokunywa petroli. Watu walimcheka. Yeye akaivutia nyumba yake waya mnene, akamleta fundi atie soketi kubwa katika chumba cha mbele, akanitafuta mimi. Nilikuwa nikimsaidia mtu kuosha magari karibu na hapo. Alinitazama nikifanya kazi asubuhi nzima, kisha akanijia. "Nimekuangalia," akasema, "hujasema neno tangu nimesimama hapa. Na hii tuktuk yangu nayo haisemi. Naona mtapatana." Alikuwa akifanya mzaha, lakini aliyoyasema yalikuwa ndiyo shida yenyewe, na hakuna kati yetu aliyeiona.

Asiyewahi kuendesha tuktuk hatajua. Tuktuk ya petroli hujitafutia watu yenyewe. Unakwenda taratibu nyuma ya mtu anayetembea juani, yeye anasikia ule mngurumo, anageuka, anainua mkono. Dereva hana haja ya kusema chochote. Yangu ilikuwa inawapita watu kama upepo. Kabla hawajajua kwamba kulikuwa na tuktuk, imeshafika mbele, na aliyekuja nyuma yangu akinguruma ndiye aliyewapakia. Dereva mwingine angeita tu: "Haya, sokoni! Hospitali! Twende mama!" Mimi kuita sikuweza. Nilifungua kinywa, sauti ikabaki kifuani. Nikajaribu honi, na honi ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mtu asiyesikia kitu kinakuja, ukimpigia honi mgongoni anaruka. Mama mmoja pale Barani aliangusha mfuko wa nyanya, akageuka akanikuta nimekaa nyuma yake kimya. "Weye! Waja kama jini?" akasema. "Sema basi kwamba waja!" Nilishuka nikamwokotea nyanya zake, akapanda, na njia nzima alikuwa akinieleza namna ya kukohoa kabla ya kumfikia mtu.

Madereva wa steji ya soko waliniita Friji. Sababu ni ule mlio mdogo uliokuwa ukisikika tuktuk ikianza kwenda, mm-mm-mm, kama friji ya dukani. Aliyelianzisha jina hilo ni Mwaro, mwanamume mnene mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyekuwa kama mkubwa wa steji. "Friji yaja, jamani! Karisa, tutolee soda baridi!" Wengine wakidakia: "Angalia samaki wasioze humo!" Hawakuwa na chuki. Mtu mwingine angewajibu, wakacheka pamoja, yakaisha. Mimi nilitabasamu nikatazama miguu yangu, na mzaha usiojibiwa haufi, hurudiwa kila siku.

Lakini kilichonitenga nao hakikuwa jina. Ilichukua miezi kukifahamu. Madereva walikuwa wakikutana kituo cha petroli. Asubuhi kabla ya kuanza kazi walijipanga pale, wakishuka, wakiegemeana, mmoja akinunua mahamri na mwingine kahawa, wakiambiana nani kakamatwa na askari, nani kaoza mtoto, barabara ipi imechimbwa. Habari zote za mji ziligawiwa pale, huku mafuta yakitiwa. Mimi sikuwa na la kufanya kituo cha petroli. Ningesimama pale niseme ninangoja nini? Kwa hiyo nilipita, nikiwaona kwa mbali wakicheka, tuktuk yangu haina tanki la kujazwa kama zao, na mambo yote waliyoyajua mimi nikayajua siku ya pili au nisiyajue kabisa. Kuna wakati mafuta yaliadimika mji mzima. Foleni ilitoka kituoni ikazunguka kona. Wenzangu walikaa humo kutwa, wakicheza bao la kuchora chini kwa mawe, na mimi peke yangu nikawa nazunguka mji wenye watu wengi waliokosa usafiri. Siku zile niliwapakia watu hadi nikachoka. Mtu angedhani nilifurahi. Kila nilipopita foleni Mwaro hakuniita Friji. Hakuniita kitu. Nilipeleka abiria, nikarudi, nikawapita tena, na nilitamani niwe kwenye ule mstari, sina mafuta, nimekaa chini na wenzangu.

Bwana Rashidi alifariki katika mwezi wa tatu wa kazi yangu. Kifua kilimshika, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Nilijiona kama nimezikwa naye, maana nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini baada ya siku za msiba, Bi Mkubwa, mama yake, aliniita mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi sana, mwenye sikio moja lisilosikia na jingine la kubahatisha. "Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema. "Ee?" "Shikamoo!" "Marahaba. Tuktuk itaendelea. Twala nini isipoendelea?" Akaniambia kwamba mke wa Rashidi, Bi Salma, amekaa eda, na kwamba hawana mtu mwingine wa kuwaletea cha siku. Eda ile, kwa asiyejua, ni miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, bila kujipamba, bila kutoka pasipo dharura, bila kuonekana na mwanamume asiye jamaa yake wa karibu. Bi Salma sikuwahi kumwona. Bwana Rashidi alipokuwa hai nilikuwa nikisimama nje, na yeye alikuwa ndani.

Soketi ilikuwa katika chumba cha mbele, alimokaa Bi Salma, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kuchaji. Chumba nilichopanga Maweni kilikuwa na stima ya taa moja na simu. Ukichomeka pasi, nyumba nzima inakuwa giza na mwenye nyumba anakuja juu. Basi utaratibu ukawa hivi. Adhuhuri, jua likishakuwa kali na watu wameingia ndani, nilileta tuktuk mbele ya nyumba. Waya uliteremshwa kwangu kupitia dirisha, kwa chini ya pazia, na mkono sikuuona. Niliona ncha ya waya tu ikishuka. Nilichomeka, nikakaa kwenye baraza chini ya dirisha hadi alasiri. Jioni nilipomaliza kazi nililirudisha gari pale, nikachomeka, nikatia mnyororo, nikatembea kwa miguu hadi Maweni. Alfajiri nikaja kulichukua. Hesabu ya siku, yaani pesa za mwenye chombo, niliiweka kwenye kikapu kidogo dirishani, na mchana sahani ilitokea pale pale imefunikwa kawa. Kuna siku ilikuwa wali na mchicha, kuna siku mbaazi za nazi na mahamri mawili, na Ijumaa samaki wa kupaka. Nilikula nikiwa nimegeukia barabara. Nikimaliza nilirudisha sahani dirishani na kusema, "Asante," na Bi Mkubwa kutoka ndani akauliza, "Yuwasema nini?" na sauti nyingine, ya chini, ya mwanamke asiye mzee, ikamjibu, "Ashukuru, mama."

Kwa wiki nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu yote. Kisha mchana mmoja sauti ile ikaniita kwa jina.

"Karisa."

"Naam, Bi Salma."

"Leo umechukua kina nani?"

"Watu tu."

"Watu tu ndio kina nani? Mimi nimekaa humu na kuta nne, weye wazunguka mji mzima, na ukija waniambia watu tu?"

"Yuwasema nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Asema amechukua watu, mama."

"Kwani ulitaka achukue mbuzi?"

Nilikaa na jambo hilo usiku na asubuhi yote. Kesho yake, ikawa kama nimeombewa, mtu mmoja alinisimamisha njia ya Kakuyuni akiwa na beberu wa kupeleka kwa wakwe zake. Mbuzi yule alikaa kwenye kiti, mwenyewe akakaa chini. Kila tulipopita watu mbuzi alichungulia nje kama abiria mwenye wasiwasi. Adhuhuri nilichomeka waya, nikakaa, nikangoja. "Leo?" ikasema ile sauti. Nikasema, "Leo nimechukua mbuzi." Nikamweleza yote, hata alivyochungulia. Ndani kikatoka kicheko, kicheko cha mtu aliyekuwa na njaa ya kucheka, kisha kikakatika ghafla kama mtu amekifunika kwa kiganja. Alikuwa amekumbuka hali yake. Kisha akasema taratibu, "Bwana Rashidi angelimpenda mbuzi huyo."

Tangu siku hiyo nilianza kuutazama mji. Kabla ya hapo nilikuwa nikitazama barabara tu. Sasa nilikuwa nikikusanya: mwanamke aliyegombana na kinyozi, bwana harusi aliyepanda na viatu mkononi kwa kuwa vilimbana, Mzungu mzee aliyeniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu kama betri yangu inaharibika ikilowa mvua. Nilijifunza kupanga habari njiani, ipi ianze, ipi ije mwisho. Ilikuwa rahisi kusema na pazia. Hakukuwa na macho ya kukwepa. Yeye aliniuliza mambo madogo ambayo nisingeyafikiria: asmini zinauzwa wapi siku hizi, je, yule mama wa viazi vya karai bado anakaa penye ule mkwaju, bahari leo ina rangi gani. Bi Mkubwa alikaa naye daima, akidai kurudiwa kila kitu, kwa hiyo kila habari nilisema mara moja na kuisikia ikisemwa tena ndani kwa sauti ya juu, mara nyingi ikiwa nzuri zaidi. Zile saa za kuchaji, ambazo zilikuwa zikinila roho hapo awali, zikawa fupi. Nilikuwa nikitazama taa ya chaji ikibadilika kuwa kijani na kusikitika.

Shemeji yake, Bwana Athmani, ndugu wa marehemu, alikuja mchana mmoja akiwa na uso uliokunjwa. Alinipita barazani, akaitikia salamu yangu kwa kichwa, akaingia. Alikaa ukumbini, Bi Salma akiwa nyuma ya pazia la chumba, na dirisha lililo juu ya kichwa changu lilikuwa wazi kwa ajili ya waya. Sikuwa na pa kwenda. Tuktuk ilikuwa nusu ya chaji.

"Shemeji, nimekuja kwa jambo zito," akasema.

"Mama yuko hapa. Sema."

"Watu wasema maneno."

"Watu gani? Maneno gani?"

"Hii tuktuk. Jioni yaonekana mlangoni, na watu wakiamka haipo. Hapana aliyesikia ikija, hapana aliyesikia ikiondoka. Tuktuk ya mtu mwingine ikiwashwa alfajiri mtaa mzima wajua: dereva amefika sasa, amewasha, ameondoka. Hii hapana ajuaye dereva amefika saa ngapi. Basi watu wasema…"

"Wasema nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Wasema dereva hakuja asubuhi, mama."

"Ee?"

"Wasema hakuja! Wasema…"

"Sema basi, mwanangu, wanong'ona nini?"

"WASEMA DEREVA HULALA HUMU!" akapaza Bwana Athmani, na mtu aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akasimama katikati ya njia, akanitazama.

Kisha Bi Mkubwa akasema, "Hulala wapi? Kitanda ni kimoja na mimi nakoroma. Mwambieni huyo mwenye kusema, alale yeye aone."

Sitaki kusema nilivyojisikia. Nilitazama magurudumu ya tuktuk. Nilikuwa sijamwona mwanamke yule hata kidole, na jina lake lilikuwa likipita milangoni mwa watu pamoja na langu kwa kosa la mashine kutokuwa na kelele. Bwana Athmani hakuwa mtu mbaya; sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetahayari. Alisema dawa ni kuiuza, watafute ya petroli. Ikinguruma, maneno yatakoma. Bi Salma akamjibu kwamba ya petroli ingekula nusu ya wanachokula wao, na kwamba hii aliichagua marehemu mwenyewe, hajafikisha hata mwaka kaburini, na hawezi kuitoa mlangoni kwa sababu ya midomo. "Basi abadilishwe dereva," akasema shemeji. "Dereva mwingine atakuja kimya vilevile," akasema yeye. "Si dereva, Athmani. Ni gari." Bwana Athmani alisema atampa muda hadi Ijumaa. Ikiwa maneno hayajakoma, atakuja na mnunuzi. Akatoka. Mara hii alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho.

Pazia likatikisika kidogo.

"Karisa, umesikia."

"Nimesikia, Bi Salma."

"Waweza kupiga kelele?"

"Siwezi."

"Itabidi. Alfajiri ukifika pale kona, kabla hujagusa gari, piga hodi mtaa mzima ukusikie. Sema weye nani na watoka wapi. Na jioni ukiondoka, aga. Wakusikie ukija na wakusikie ukienda. Kama gari halisemi, sema weye." Akashusha sauti. "Na hizi saa za mchana, Karisa…"

"Najua."

"Si kwamba nimependa."

"Najua, Bi Salma."

Dirisha likafungwa, likaachwa upenyo wa waya.

Alfajiri iliyofuata nilisimama pale konani. Watu walikuwa wakitoka msikitini wawili watatu, na anga ilikuwa imeanza kupauka. Niliposema hodi ya kwanza hata paka aliyekuwa kwenye ukuta hakugeuka. Nikafikiria Ijumaa na mnunuzi. Nikafumba macho, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao: "Hodi! Hodi jamani! Ni mimi Karisa, dereva! Natoka kwangu Maweni sasa hivi, kwa miguu! Nimekuja kuchukua tuktuk!"

Dirisha la jirani likafunguliwa kwa nguvu. "Nani huyo?"

"Karisa! Dereva! Natoka Maweni!"

"Basi chukua uende, watoto wamelala!"

Nilichukua nikaenda, na nilipofika barabara kubwa nilisimama nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Jioni nikaaga: "Haya, nimefunga tuktuk! Naondoka! Kwaherini!" Watoto wa mtaa waliniigiza hadi kona. Siku ya tatu walikuwa wakinisubiri ili wapige nami. Mwaro aliposikia, steji nzima ikajua. "Jamani, friji imekuwa redio!" akasema, na mimi, sijui neno lilitoka wapi, nikamjibu, "Nayo haili betri kama mdomo wako unavyokula watu." Walinitazama kwanza. Kisha wakacheka, Mwaro akicheka kuliko wote, na mtu akanisogezea kahawa.

Ijumaa ilifika na Bwana Athmani hakuleta mnunuzi. Ilikuwa vigumu kuendelea kusema kwamba mtu hulala ndani ya nyumba ambayo kila alfajiri mtaa mzima unaamshwa naye akiijia kutoka nje. Maneno yalikosa pa kushika, yakahamia kwa watu wengine. Baada ya muda watu walianza kunijibu. "Hodi!" "Karibu, Karisa!" Jirani yule aliyenifukuza alinilaumu siku niliyochelewa, maana alikuwa amezoea kuamka kwa sauti yangu. Mtaa ambao nilikuwa nikiupita kama kivuli sasa ulinijua jina, na kuna mama aliyenipa ndizi.

Lakini mchana dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikaa pale chini yake na habari zangu nilizozikusanya asubuhi. Tabia ya kuzikusanya haikuniacha. Sahani sasa aliileta Bi Mkubwa mwenyewe, akijikokota hadi mlangoni, akiniambia nile kabla ya nzi. Nilizisikia shughuli za ndani, mbuzi ya nazi ikikwaruza, maji yakimwagwa, na nilijua kwamba nyuma ya mbao zile kuna mtu anayenisikia nikitafuna. Tulikuwa karibu kiasi hicho. Nadhani sijawahi kuwa mpweke kama saa zile, hata nilipokuwa sina mtu yeyote, kwa sababu zamani sikujua ninakosa nini.

Ndipo nikaanza kuzitia habari ndani ya hodi. Sikupanga; zilitoka zenyewe. "Hodi! Ni Karisa, natoka Maweni! Jana sokoni kumeletwa papa mrefu kuliko tuktuk hii!" Au, "Ni Karisa! Asmini ziko kwa mama wa pembeni mwa msikiti, tele!" Majirani walidhani nimechangamka tu, wakapenda. Kama zilifika nilikotaka zifike sikujua. Kisha adhuhuri moja Bi Mkubwa aliweka sahani, akajishika kiuno, akasema kwa sauti yake ya kiziwi, "Huyo aliye ndani auliza, papa alinunuliwa na nani?" Nikamweleza Bi Mkubwa. Hakusikia. Nikamweleza tena kwa sauti ya kufika dukani, kwamba alikatwa vipande akauzwa kwa mafungu, na kichwa alichukua mtu wa Marafa aliyetaka kukitundika mlangoni. "Ee?" akasema Bi Mkubwa, ingawa nilimwona akitabasamu, na nikarudia tena, polepole, nikiwa nimeelekea dirisha. Mara mbili tatu katika mwezi ilikuwa hivyo. Hayakuwa mazungumzo. Ulikuwa uzi mwembamba, lakini niliushika.

Eda iliisha siku ambayo sikuambiwa. Nilifika adhuhuri kuchaji nikakuta viatu vingi mlangoni, na harufu ya udi ikitoka nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu niijue. Gari la kaka zake kutoka Mambrui lilikuwa limeegeshwa mahali pangu. Bwana Athmani alikuwepo, akanisalimu vizuri, akaniambia kwamba Bi Salma anarudi kwao, na kwamba tuktuk itabaki kumtunza Bi Mkubwa, na mimi nibaki nayo. Nikasema asante. Nilisimama kando ya ukuta, waya mkononi, sina pa kuuchomeka. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa siku nyingi, mazuri, ya heshima, ambayo mtu angeweza kuyasema hata mbele ya ndugu zake. Kisha wanawake wakatoka. Walikuwa watano au sita, wote kwa mabuibui meusi na nyuso zimefunikwa, kimo chao kimoja au karibu kimoja. Walipita mbele yangu wakielekea garini. Mmoja aliinua mkono kidogo, labda kunipungia, labda kushika buibui lisipeperuke. Sikujua yupi ni yeye. Nikasema, "Safari njema," kwa wote, kwa sauti ya kutosha, na hakuna aliyejibu, maana wanaume walikuwa wamesimama pale. Milango ikafungwa. Gari likawashwa, likanguruma, na mtaa mzima ukajua kwamba Bi Salma ameondoka.

Niliendelea na tuktuk ile hadi betri yake ikawa haifiki hata Kakuyuni na kurudi, kisha nikapata nyingine, na nyingine baada ya hiyo, zote za umeme. Kwa Bi Mkubwa nilikwenda kuchaji miaka kadhaa, na tulipiga kelele sana yeye na mimi. Aliniambia mara moja kwamba Salma ameolewa tena, mtu mwema, na kwamba wakati mwingine huja mjini. Sikuuliza zaidi. Sina picha yake, wala sura ya kumkumbukia, ila sauti. Lakini kuna siku mwanamke aliyejifunika huinua mkono barabarani, peke yake au na mtoto, akapanda nyuma yangu, na mimi sigeuki. Naachia breki, tuktuk inaanza kwenda kimya, na nangoja aseme anakokwenda.